Shamba la Majani Marefu

Aline alinipigia simu asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Gisenyi mjini nafuta vikombe, akasema, "Devota, Mama ametuacha." Basi. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia si machozi, Mungu anisamehe, ni woga. Woga ule ule wa zamani. Miaka ishirini na kitu imepita, watoto wangu wamemaliza shule, nina presha na vidonge vyake, na bado jina la Mama Aline likitajwa ghafla mwili wangu unakumbuka mwaka ule kabla akili haijafika. Mchana nilikuwa nyumbani kwa marehemu, Bugeshi, kwenye baridi ya huko, chini ya turubai la buluu walilotandaza uani, nimekaa na waombolezaji wengine na kikombe cha chai ya maziwa. Watu walikuwa wanaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mcheshi, alivyoimba kanisani, alivyovuka kwenda Goma na viazi kichwani huku akiwatania askari wa mpakani mpaka wanasahau kumpekua. Yote kweli. Lakini mimi nilikuwa namwona amesimama katikati ya matuta na pompi ya dawa mgongoni, uso umemkauka, anaogopa.

Niliinuka nikaingia ndani, eti kusaidia vyombo. Uongo mtupu. Nilitaka kukiona chumba changu. Siku hizi kimejaa magunia na baiskeli mbovu, ila ukuta wa mbao ni ule ule, na nyufa zake ni zile zile, upana wa kidole. Upande wa pili lilikuwa ghala la mbegu, na mwaka ule mzima niliokaa kwenye nyumba hii kila neno lililosemwa ghalani lilinifikia kitandani, nitake nisitake. Habari za nilikozaliwa na nani kanilea sitaziandika hapa; inatosha kusema nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nina cheti cha kilimo ambacho wino wake haujakauka, na ushirika wa wakulima wa viazi ulinichukua kuwa msaidizi wa mtaalamu wao wa kilimo. Walinipangia kulala kwa Mama Aline kwa sababu alikuwa mjane, na binti yake, Aline huyu, alikuwa anashinda Goma kwenye biashara, anarudi nyumbani mara moja moja. Nilipofika mara ya kwanza Mama Aline alinisikiliza nikijieleza, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Yooo, huyu mutoto anasema kama redio." Tangu siku hiyo tukapatana.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Evariste. Alikuwa mnene kiasi, mpole, mpenda kula kupita maelezo, na alijua kwamba Mama Aline hakuna mtu wa kumshinda kwa kukaanga sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Basi akitoka Rubona, kule ziwani, alikuja na sambaza wabichi kwenye mfuko, anauweka mezani bila kusema kitu, anakaa, anasubiri. Darasa langu la kweli lilikuwa pale, kwenye ile meza yenye kitambaa cha plastiki, sahani ya viazi katikati ikitoa moshi. Jioni moja nilimuuliza homoni za mimea ni nini hasa, maana shuleni nilikariri majina tu nikafaulu mtihani nikasahau. Akafuta vidole. Akasema mmea hauna mdomo wala ubongo, lakini unapeleka ujumbe. Kitu kidogo mno, hukioni, kinatoka sehemu moja ya mmea kwenda nyingine na kinasema neno moja tu. Kuna kinachosema lala, muda bado. Ndicho kinachofanya kiazi kilichovunwa leo kikatae kuchipua kesho. Kuna jiberelini, hiyo inasema amka, refuka, kimbia. Kiwavi akiuma jani moja, kuna kingine kinapanda, asidi ya jasmoni, na majani ambayo hayajaguswa kabisa yanaanza kutengeneza kitu cha kumvuruga tumbo huyo kiwavi. Na ukungu ukiingia, kuna kingine tena, ndugu wa hii aspirini tunayomeza, kinachoziamuru seli zilizo kando ya kidonda zife zenyewe ili ukungu ukose pa kupita.

Mama Aline alikuwa amesimama na kikaango, sambaza wanaungua. "Donc, kumbe kiazi inaogopa?" akauliza.

"Inaogopa, Mama," Evariste akasema. "Na ikiogopa, haikui. Chakula chake ni kile kile kimoja. Ama inakitia kwenye kukua, ama inakitia kwenye kujilinda. Vyote viwili kwa pamoja haiwezi."

"Iko kama batu, kama sisi," akasema Mama Aline, akageuza samaki wake. Sisi tukacheka. Yeye hakucheka, na ningekuwa na akili wakati ule ningeuliza kwa nini.

Sababu niliisikia baadaye, kupitia mbao. Msimu uliotangulia shamba lake liliteketea. Kuna ugonjwa wa viazi ambao wasomi wa kwetu wanauita milidiyu, lakini wakulima wa Bugeshi wanauita mvua tu, kwa kuwa unakuja nayo: leo shamba ni la kijani, mvua inanyesha siku mbili, unarudi unakuta jani limekuwa jeusi na linanuka. Lile shamba halikuwa mali yake. Lilikuwa la ushirika, udongo mweusi wa volkano ambao ukiuchota unataka kuula, na kila mwanachama alipewa sehemu ya kuzalisha mbegu. Sheria yao ilikuwa fupi: ukishindwa kuleta mbegu misimu miwili mfululizo, sehemu yako anapewa mwingine. Mama Aline alikuwa ameshindwa mmoja. Hakuwa na ardhi nyingine zaidi ya ua huu na vibanda vyake. Alikuwa amelima pale tangu mume wake yuko hai, na aliniambia siku moja tukipalilia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba akinyang'anywa hatakuwa tena mutu wa hapa, atakuwa mama fulani anayekaa tu.

Mwaka huo mbegu za ushirika zilichelewa. Zilikuja zimevunwa juzijuzi, zimelala fofofo, hazina hata jicho moja lililofunguka, na wakati wa kupanda unapita. Evariste akaamua tuziamshe. Alikuwa na unga mweupe wa jiberelini, kidogo sana, unaenea kwenye ncha ya kijiko. Akauyeyusha kwenye spiriti, maana kwenye maji peke yake unagoma, akamimina matone kwenye pipa la maji, tukachovya viazi, tukavitandaza gizani juu ya majani makavu. Nakuambia, viliamka. Baada ya muda si mrefu vilikuwa vimetoa machipukizi, na wanachama wakawa wanapita ghalani kuvitazama na kutingisha vichwa. Mama Aline alivigusa kimoja kimoja. Chupa ya ile spiriti ilibaki nusu, na Evariste akaiweka rafuni kwa ajili ya mzigo mwingine wa mbegu uliotarajiwa. Aliwaambia wote waliokuwepo, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, isiguswe. Lakini yeye ni mtu wa Huye, hakuwajua watu wa Bugeshi kama nilivyokuja kuwajua. Bugeshi dawa haimwagwi na dawa haikai. Dawa ya ng'ombe ikibaki watapaka mbuzi. Mbolea ya maji iliyokusudiwa kabichi itamalizikia kwenye maharage. Kila kitu kizuri kwa mizizi wanaamini kitakuwa kizuri zaidi kwenye majani, na kila kinachobaki kinaingia kwenye pompi.

Viazi vya Mama Aline vilitoka udongoni sawa na vya wengine. Halafu vikaanza kwenda. Sijui niseme vipi. Kila asubuhi nikipita niliona vimeongezeka, na mwanzoni nilifurahi kama kila mtu. Siku moja nikachuchumaa nikashika shina. Kati ya jani na jani palikuwa na nafasi ya kiganja kizima. Shina jembamba, laini, limepauka, kijani cha kitu kilichokua chini ya kitanda. Matuta ya jirani mimea ilikuwa mifupi, minene, majani yameshikana, rangi ya kijani iliyokolea. Ya kwetu ilinifika magotini na inayumba. Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikaingia ghalani, nikatazama rafuni. Chupa ilikuwepo. Ilikuwa tupu, imeoshwa vizuri, imegeuzwa juu chini ikauke.

Nilimkuta Mama Aline jikoni anamenya viazi. Moshi ulikuwa mwingi na sikumwona uso vizuri, ikanisaidia kuuliza.

"Mama, ile chupa ya Evariste."

"Nilitia mu pompi," akasema. "Na ile dawa ya mvua, ile ya njano. Nikapiga mara mbili. Umeona vile inapanda?"

"Mama, ile haikuwa dawa ya majani."

"Inaamusha kiazi, si njo vile? Mi nilisema, kama inaamusha ile yenye kulala, yenye kuamuka itaipa nguvu. Ile ya mwaka yenye kupita ilikufa juu ya kuwa haikukua mbio. Mvua iliikuta ikiwa ndogo." Akaacha kumenya. "Juu ya nini unaniangalia hivyo?"

Nikamweleza. Nilijaribu kusema polepole lakini maneno yalikuwa yanajigonga. Nikamwambia umeupa mmea ujumbe wa kukimbia, na mmea unaokimbia hauweki akiba chini. Kiazi kinaanza kuumbika pale ujumbe huo unapopungua. Ukiwa mwingi, mmea unarefusha shina na kurefusha vijimzizi na hauumbi kitu. Tena mashina laini yanalala, majani yanalaliana, unyevunyevu unabaki ndani, na ugonjwa wa mvua unapenda hasa mahali pa namna hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono ilikuwa imelala mapajani, mmoja bado umeshika kisu.

"Basi uiambie isimame," akasema.

"Siwezi, Mama."

"We ulisoma."

"Hakuna anayeweza."

Akaanza tena kumenya. Alimenya viazi vyote vya kikapu, vingi kuliko tulivyoweza kula. Nimekaa kwenye vyumba vingi vya hofu tangu hapo, hospitalini na mtoto, kando ya redio siku mlima wa moto unapotetemesha nyumba, lakini nikisema neno hofu mimi naona lile beseni la viazi vyeupe vinavyoelea kwenye maji.

Evariste alipokuja aliliona shamba kutoka barabarani na hakuhitaji kuambiwa. Alivua kofia. Alishuka kwenye matuta, akang'oa shina moja, akalitikisa udongo. Mashamba mengine kwa wakati ule yalikuwa yameshaanza kushika viazi vidogo kama maharage. Letu lilikuwa na nyuzi nyeupe ndefu, zimekwenda huku na huku, na mwisho wa kila uzi hakuna kitu. Mama Aline alitazama zile nyuzi kisha akasema, "Usiuwe kingine. Hakuna mutu atang'oa kingine mpaka siku yenyewe." Na kweli hakuna aliyethubutu. Evariste hakumgombeza. Alikaa kwenye tuta kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akasema ile dawa inachoka yenyewe ndani ya mmea, wiki baada ya wiki, na baridi ya Bugeshi ni rafiki, kwa sababu usiku wa baridi ndio unaouambia mmea uweke akiba. Tusitie mbolea ya pili, hata gramu. Tuuache uwe na njaa kidogo. Tupandishe udongo kwenye mashina yasianguke. Tupige dawa ya mvua kila anga likifunguka. "Na baada ya hapo?" nikamuuliza. Akavaa kofia. "Baada ya hapo tutaogopa," akasema, na hakuwa anatania.

Sasa sikiliza kichekesho chake. Watu walilisifu lile shamba! Wanawake waliotoka Cyanzarwe na mizigo yao walisimama njiani, wakashusha, wakatazama. "Mama Aline, unaipa nini?" "Ayiii, hii njo viazi!" Naye anacheka nao, anawapungia mkono, kisha wakipita kona anarudi kukagua mashina. Jirani zetu walitia mbolea ya pili. Yeye gunia lake likabaki limefungwa nyuma ya mlango, na kila aliyeliona alimuuliza kulikoni. Alianza kukonda. Alikuwa akiongea na mimea, nilimsikia, si kwa mapenzi, kwa kuisihi. Asubuhi anageuza majani kutafuta ukungu mweupe unaojitokeza chini ya jani likishaugua. Akimaliza tuta anarudi mwanzo wa tuta hilo hilo. Mimi nami nikawa hivyo hivyo. Nilikuwa na ahadi ya kazi ya ofisini Kigali na nilishindwa hata kujibu. Nilikaa tu nikisubiri lile shamba liniambie kitu. Siku hizi vijana wakiniuliza kwa nini nimezeeka nikiwa na hasira na watu wanaoshindilia kila kitu dawa, mbolea, vidonge vya kunenepesha, nawaambia nilimwona mtu mwema akiogopa, na mtu akiogopa haachi mikono yake ikae. Wananiona mzee msumbufu. Sawa tu.

Halafu akaja Perezida. Hicho kilikuwa cheo chake cha ushirika, mwenyekiti, lakini watu walimwita hivyo hadi nyumbani kwake. Ilikuwa mchana wa manyunyu, nimerudi nimelowa, niko chumbani nabadilisha nguo, nikasikia buti zake zinaingia ghalani na Mama Aline anamvutia kiti. Nikaganda na shati nusu mwilini.

"Mama Aline," akasema, "batu bote banasema shamba yako inapita zetu. Hata ya kwangu. Agoronome, huyu Evariste, alikupa dawa gani?"

Nikamsikia Mama Aline anasogeza gunia.

"Sikuje kukuhukumu. Kama alikupa we peke yako, bon, sawa, ni mambo yenu. Mi niko na shamba kubwa na ilichelewa. Unipe kidogo na mi nipige kesho."

Nikaweka paji la uso kwenye mbao. Nitasema ukweli: nilimwomba Mungu Mama Aline adanganye. Aseme imekwisha, aseme ni mbolea ya ng'ombe, aseme chochote. Ilikuwa rahisi kiasi gani! Yule bwana angeondoka na hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kuchimba, na huenda siku hiyo mambo yangekuwa yamejirekebisha, na Mama Aline angebaki mtu aliyechelewa kidogo, si mtu aliyeharibu. Nilisikia anavuta pumzi.

"Muze, usitie," akasema. "Nilikosea. Ile ilikuwa dawa ya kuamusha mbegu, mi nikatia ku majani. Inaleta majani tu. Chini haiko kitu."

"Haiko kitu?"

"Siku tuliangalia, haikuwa kitu. Agoronome anasema pengine itakuja na mukawio. Pengine. Hatujue."

Kiti kililia. Nadhani alikuwa amesimama. "Huu ni musimu wa pili, Mama Aline."

"Najua."

"Sheria iko ya bote. Mi siwezi kuivunja juu yako."

"Najua, Muze. Mi nakuambia ili usitie. Uko na batoto."

Perezida akasema tutaonana siku ya kuchimba, atakuja na komite yote, na akatoka. Nilitoka mbio, vifungo vya shati havijafungwa, nikamfokea yule mama kama mwenzangu. Nikamwambia, Mama, umejimaliza, kwa nini umemwambia, nani alikulazimisha! Alikuwa ameshika mhimili wa ghala kwa mikono miwili. "Angetia," akasema. "Devota, angetia kesho." Nikamkalisha. Nikampa maziwa ya mgando akayaweka kando.

Kilichofuata ni mvua. Ilinyesha Bugeshi nzima, mawingu yamekaa juu ya paa, milima haionekani. Wenzetu walikata majani ya viazi vyao, wakasubiri ngozi ikomae, wakachimba, wakaenda zao na magunia. Mashamba yote yakawa meusi, wazi, na katikati ya weusi huo shamba moja tu la kijani, refu, limelala upande, linasubiri. Ugonjwa wote wa mvua uliokosa pa kukaa ulikuwa unakuja kwetu. Doa la kwanza nililiona mimi. Nilitaka kulificha, nikalikunja jani mkononi, akauona mkono wangu. Tulitoa majani yenye madoa tukayafukia mbali, tukapiga dawa kila manyunyu yalipopumzika, tukarudi tumelowa mpaka chupi, na kila siku tuliyoongeza ilikuwa ya kuchagua kati ya hofu mbili. Ukikata majani leo, kile kinachoumbika chini kinaishia hapo. Ukiacha hadi kesho, ugonjwa unaweza kushuka na maji ukaozesha hata kidogo kilichopo. Evariste alitaka wiki moja zaidi. Mama Aline alitaka kukata. Halafu Evariste akataka kukata na Mama Aline akakataa. Walibishana mbele ya sambaza waliopoa, watu wawili wazima, kila mmoja akimwomba mwenzake aamue. Mwishowe madoa yakafika kwenye mashina, na hapo hapakuwa na la kuchagua tena. Tulikata yote kwa panga asubuhi moja, tukayabeba nje ya shamba, na pakabaki matuta matupu ambayo hayakuonyesha kama yana kitu au hayana.

Siku ya kuchimba ilikuwa kavu. Perezida alikuja na komite yake, watu wazima waliovaa buti, wakasimama mwisho wa shamba bila kusalimia sana. Evariste alisimama nyuma yangu, nilimsikia anavyopumua. Mama Aline alifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, akaja hadi tuta la kwanza, akaketi chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha, akafumba macho.

"We njo uchimbe," akaniambia. "Mi siangalie."

Nilichimba kwa mikono. Udongo ulikuwa wa baridi na mwepesi, unaingia chini ya kucha. Nilikuta uzi. Nikaufuata, ukaisha. Nikakuta uzi mwingine, nao mtupu, na nilihisi joto linanipanda shingoni na macho ya wale wanaume mgongoni kwangu. Nikashusha mkono zaidi, hadi kwenye kiwiko, na kidole kikagonga kitu kigumu. Kadiri ya yai. Kando yake kingine. Chini yake vingine, vidogo vidogo, vingine vimefuatana kwenye mzizi mmoja kama shanga za rozari.

"Iko?" akauliza, macho bado amefumba.

"Iko, Mama."

"Usinidanganye."

"Iko. Ndogo ndogo. Nyingi."

"Ndogo ndiyo ya mbegu," Evariste akasema nyuma yangu, na sauti ikamkatika. Alinieleza baadaye kwamba jiberelini ikishachoka mmea huwa unaweza kufanya hivyo, unagawa akiba kwenye vingi badala ya kunenepesha vichache, na kwamba alikuwa anaijua habari hiyo wiki zote zile na aliogopa kuitamka. Vile vilivyoungana kama rozari havikufaa, tulivitenga vya kula. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale nilichukua viazi nikaviweka mapajani kwa Mama Aline, ndani ya kitenge. Hakuvishika. Perezida aliinama, akachukua kimoja, akakisugua kwa dole gumba aone kama ngozi imekomaa, akakigeuza akitafuta kuoza, kisha akakirudisha mle mle alimokitoa.

"Chimba ingine," Mama Aline akasema.

Nikachimba shina la pili, na la tatu. Kuna lililotoka tupu kabisa na nikalifukia haraka kama niliyeiba. Kuna lililonijaza viganja vyote viwili. Nilikuwa naenda na kurudi kwa magoti, namimina mapajani kwake, naye kila mara anasema ingine, ingine, midomo imekauka, macho ameyakaza kuyafumba mpaka kope zinatetemeka. Hakuamini maneno yangu wala ya Evariste wala ukimya wa komite. Alifumbua macho pale tu kitenge kilipokuwa kizito, miguu ikakataa kujongea. Aliutazama ule mzigo kidogo tu. Kisha akainua kichwa akatazama tuta baada ya tuta, hadi kule mwisho ambako wale wanaume walikuwa wameshaanza kukunja mikono ya mashati ili wachimbe naye.

"Donc iko yangu bado," akasema. Alikuwa anatazama shamba.